Siku Mjomba Mbonea Alipoishtaki Bahari ya Pangani

Sogeza kigoda, ndugu yangu, na kama una sufuria motoni iepue kwanza, maana habari hii ukiisikia nusu utaieneza nusu. Ndivyo ilivyokwisha tokea. Tangu turudi Chome nimeulizwa njiani, kanisani na kwenye foleni ya sukari kama ni kweli mjomba wangu alipigana na polisi Tanga. Hakupigana na mtu. Aliishtaki bahari, na kesi yake ilisikilizwa vizuri tu. Nitaeleza hatua kwa hatua, hata asiyewahi kufika pwani aelewe. Asiyeelewa aniulize, sichoki.

Chanzo ni Nakundwa, binti wa mwisho wa mjomba. Alipomaliza chuo cha ualimu serikali ilimpeleka kufundisha Pangani, na hukohuko akachumbiwa na kijana aitwaye Stefano, mfanyakazi wa pantoni inayovusha watu na magari mtoni. Kijana ni Mkristo, hanywi, ana adabu. Kila mtu nyumbani alikwisha kubali isipokuwa mwenye binti.

"Kijana sina neno naye," alisema mjomba Mbonea. "Nataka kwanza nione maji."

Mtu wa mbali anaweza kucheka, lakini kwetu milimani neno hilo ni zito. Tunalima kwa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mwangalizi anazibua tundu, maji yanashuka mferejini, na kila shamba linapata kwa zamu. Anayezibua nje ya zamu ameiba chakula cha watu. Kwa hiyo mjomba hamwozi binti mpaka aone atateka wapi, zamu ni ya nani, na majirani wanagombana kiasi gani. Yeye mwenyewe ndiye mwangalizi wa ndiva yetu tangu kabla ya Uhuru. Nakundwa alijua kwamba baba yake akirudi bila kuridhika, uchumba umekufa, kwani hangeolewa bila baraka yake, na Stefano ndiye aliyemtaka.

Mpango ulikuwa mwepesi: tufike Tanga, tulale kwa rafiki yangu Yohana, kisha twende Pangani asubuhi na kurudi jioni ileile. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nafundisha kisomo cha watu wazima. "Wewe unaeleza mpaka jiwe linaitikia ndiyo," alisema mjomba. Nikalipokea kama sifa.

Kushuka Same

Tulishuka mlimani kwa miguu na umande, mjomba akiwa amevaa koti lake zito la baridi ya Chome. Tulipofika tambarare na kupata lori, jua lilikuwa limeshakasirika. Nikamwomba avue koti.

"Nikilivua nitalibeba," akajibu. "Nikilivaa linajibeba lenyewe."

Mkononi alikuwa na ndoo ndogo yenye mfuniko, imejaa makande, mahindi na maharage aliyopika shangazi. Alisema hawezi kwenda kwa watu ambao hajui wanakula nini bila kuwa na chakula anachokijua.

Stesheni ya Same tuliambiwa treni imeshatoka Moshi. Tukakaa. Mjomba akaenda kuuliza tena, akaambiwa kwa furaha ileile kwamba treni imeshatoka Moshi. Jua likahama kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine. Akaenda mara ya tatu, akarudi akitikisa kichwa.

"Imetoka Moshi," akaniambia. "Sasa nataka kujua, inatoka mara ngapi?"

Baadaye tulisikia kwamba kundi la ng'ombe lilikuwa limelala kwenye reli upande wa Lembeni, na ng'ombe aliyeshiba hapishi treni. Ilipofika, abiria walioshuka walikuwa na hasira, nasi tuliopanda tulikuwa na njaa.

Ndani ya treni hadi Tanga

Kwenye kiti cha mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kichaga mwenye mizigo ya ndizi, anakwenda kuziuza Korogwe. Wachaga na Wapare ni watani, kwa hiyo alimtazama mjomba, akatazama koti, akatabasamu kama mtu aliyekuta karanga njiani.

"Shikamoo baba. Unakwenda kwenye kesi?"

"Marahaba. Kesi gani?"

"Mpare hapandi treni bila kesi. Mwaka jana jirani yangu Mpare aliuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

"Alishinda?"

"Alishinda."

"Basi una shida gani naye?" mjomba akauliza, na behewa zima likacheka.

Tulipopita Makanya njaa ilitushinda, tukafungua ndoo. Kwa joto lile makande yalikuwa yameanza kuchacha, na mfuniko ulipotoka ulitoa pumzi kama ya mtu. Abiria wa dirishani akafungua dirisha. Mama wa Kichaga akaonja kijiko kimoja.

"Baba, haya makande yanataka kushuka. Yaruhusu."

"Yamechoka safari tu," alisema mjomba, akala mpaka chini bila kubadilisha uso. Mimi nilikula ndizi za yule mama, na naomba msimwambie shangazi.

Tanga, tukiwa tumeipa bahari kisogo

Treni ilitufikisha alfajiri. Rafiki yangu Yohana anafanya kazi bandarini, na kama wenyeji wote wa Tanga alitaka kutuonyesha bahari kabla hata ya kutuonyesha choo. Mjomba akakataa.

"Sikuja kuangalia maji ya watu wengine. Nitaangalia ya wakwe."

Yohana akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Jioni tulipotembea kando ya bandari, mjomba alitembea upande wa nyumba, uso ukutani, akisifu milango. Yohana akasema, "Mzee, geuka kidogo tu, kuna meli." Mjomba akajibu kwamba meli akiiona leo kesho atailinganisha, na kulinganisha si haki. Wapitaji walisimama kutazama mzee wa koti zito anayeikataa bahari hadharani.

Hapo ndipo nilipokosea. Yohana alitaka kumweleza mambo ya pwani, nami nikamzuia. Nilimwambia nitaeleza mwenyewe tukifika.

Barabara ya Pangani

Basi la Pangani lilipita katikati ya mashamba ya mkonge, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa, kisha minazi. Mahali fulani lilisimama bila sababu. Dereva akazima injini, akashuka, akachomeka shati vizuri na kupotea kati ya nyumba.

"Gari limeharibika?" nikauliza.

"Hapana," utingo akasema. "Hapa ndipo kwa mama mkwe wake. Hawezi kupita bila kumwamkia."

Abiria wawili walilalamika. Mjomba akawakemea: "Mnataka apite kama upepo? Mtu anayewaheshimu wakwe ndiye anayefaa kushika usukani." Akashuka na yeye, akaenda kumwamkia mama mkwe wa dereva, mwanamke ambaye hakumjua kabisa. Akarudi na madafu mawili.

Hakuwahi kunywa dafu. Alipiga funda la kwanza, akainua macho hadi kileleni mwa mnazi.

"Nani anayapandisha haya maji huko juu?"

"Mti wenyewe, mjomba. Mizizi inavuta."

"Bila mfereji?"

"Bila mfereji."

Alikunywa lote taratibu. Tangu pale nikaona anatazama nje ya dirisha kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Pangani kabla ya chakula

Pangani, kwa ambaye hajafika, ni mji uliokaa pale mto mkubwa unapoingia baharini. Nyumba za zamani zimejipanga kandokando ya maji, miti ya mikungu ya kivuli imepandwa ukingoni, na ng'ambo kuna kilima cha kijani chenye minazi. Tulipofika maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mawe ya ukingo, yanametameta. Nakundwa na Stefano walikuwa wanatungoja.

"Shikamoo baba," Nakundwa akasema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba mwanangu." Mjomba akapokea salamu ya Stefano pia, kisha akaenda moja kwa moja ukingoni. Akasimama kwa muda mrefu, mikono mgongoni, jinsi anavyosimama juu ya ndiva yetu kila asubuhi.

"Imejaa vizuri," akasema. "Mwangalizi ni nani?"

Stefano alikuwa ameegemea kamba ya pantoni, akadhani anaulizwa habari za kazi yake. "Ni serikali, baba."

"Anafuata zamu?"

"Sana, baba. Hakuna anayeruhusiwa kuruka zamu."

Mjomba akafurahi mpaka akafungua kifungo kimoja cha koti. Nami, niliyeahidi kueleza kila kitu, nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikaona nisiyaharibu kwa maneno.

Kwa akina Stefano tulipokelewa kifalme. Mama Stefano alikuwa amepika wali wa nazi na pweza. Mjomba akapakuliwa, akageuza kipande kwa ncha ya kijiko.

"Mama, huyu alikuwa anatembea au anaogelea?"

"Vyote viwili, baba Nakundwa."

"Na hivi viduara ni vya nini?"

"Vya kushikia."

Mjomba akaweka kijiko chini kwa upole. "Basi tumwache ashike sahani," akasema, akala wali peke yake, sahani tatu. Tulikaa, tukazungumza juu ya shule, mvua na bei ya mbolea. Mama Stefano na mjomba walianza kutaniana. Nakundwa akaanza kupumua. Kisha mjomba akasema anataka kuyatazama maji mara ya mwisho kabla ya basi.

Kesi

Maji hayakuwepo.

Pale ukingoni palipokuwa pamejaa asubuhi palibaki tope na mchanga. Mtumbwi mmoja ulikuwa umelala ubavu. Mbele, kwenye mlango wa mto, wanawake walikuwa wanatembea juu ya fungu la mchanga wakiokota kome, mahali ambapo asubuhi mtu angezama. Mto ulikuwa umekonda, unakimbilia baharini.

Mjomba akashika kichwa.

"Nani amezibua?"

Akatugeukia mmoja mmoja.

"Nauliza, nani amezibua? Asubuhi ilikuwa imejaa. Tumekaa kula, mtu kaja kaachia yote! Hata ya kunyweshea bustani hakubakiza!"

Ndipo nikajitosa. Nikamweleza kwamba bahari hujaa na kupwa kila siku, na sababu yake ni mwezi unaoyavuta maji.

"Mwezi?" Akatazama juu. Jua lilikuwa linachoma. "Mchana huu?"

"Hauonekani, mjomba, lakini upo."

"Kwa hiyo shahidi wako ni mtu asiyeonekana."

Stefano naye akajaribu. "Baba, haki ya Mungu hakuna aliyezibua."

"Asubuhi uliniambia mwangalizi ni serikali na zamu inafuatwa!"

"Nilidhani unauliza pantoni, baba."

Mjomba akamgeukia Nakundwa, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo ni baya kuliko ikipanda. "Mwanangu, mahali ambapo maji yote yanaachiwa mchana, wageni wakiwa mezani, na hakuna hata mmoja anayeshtuka, mimi sikuachi hapo. Nataka baraza. Mwenye kosa ajulikane. Bila hivyo hakuna ndoa."

Nakundwa akaketi kwenye jiwe la ukingo. Machozi yalikuwa yanamtoka tu. Mama Stefano alimtazama mkwewe mtarajiwa, akamtazama mgeni wake, akajifunga kanga vizuri na kwenda kumwita balozi wa nyumba kumi.

Balozi alikuwa Bi Tatu, mama mnene mwenye kipepeo cha ukindu mkononi. Aliletewa kiti chini ya mkungu.

"Mshtaki ni nani?"

"Mimi, Mbonea wa Chome."

"Mshtakiwa?"

"Aliyezibua bahari."

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, na mmoja akapasuka kicheko. Bi Tatu akamnyooshea kipepeo. "Ewe, kama huna adabu ya baraza nenda ukaokote kome." Kisha kwa mjomba, "Hasara uliyopata ni ipi, mzee wangu?"

Nilitegemea atasema mambo ya mashamba. Hakusema. Alitazama mto unavyokimbia.

"Mama, nimeangalia maji maisha yangu yote. Kila asubuhi nayaachia yashuke. Hayajarudi hata siku moja kuniambia yamefika wapi. Na watoto wangu wameshuka hivyohivyo. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Dodoma. Wanasema watakuja, hawaji. Huyu ndiye aliyebaki. Sasa mnanileta mahali ambapo hata bahari nzima inaondoka, na mtu anakula wali."

Bi Tatu akajipepea.

"Nimekusikia. Lakini mshtakiwa hayupo barazani, na mimi simhukumu mtu ambaye sijamsikiliza. Kesi inaahirishwa mpaka bahari irudi."

"Itarudi?"

"Hilo ndilo swali lako, sivyo? Utalijibu mwenyewe. Kaa hapo."

Basi la Tanga likapiga honi. Nikamwambia mjomba kwamba likiondoka hilo hakuna lingine mpaka kesho.

"Liende," akasema. "Unataka nitoke barazani kabla ya hukumu?"

Likaenda.

Tukakaa kwenye gati ya pantoni. Kwetu mwangalizi akitaka kujua maji yanakwendaje mferejini hudondosha jani. Mjomba akaokota jani la mkungu, kubwa, jekundu, akalitupa mtoni. Likachukuliwa upesi kuelekea baharini. Akaguna. Baada ya muda akatupa lingine. Hili likaenda polepole. Stefano alivusha magari, akarudi, akavusha tena, kila mara akimtazama mkwewe kwa pembe ya jicho. Jani lililofuata lilisimama palepale, likizunguka kama lililosahau lilikotumwa.

Mjomba akachutama. Akatupa jingine.

Jani lile likatikisika, likageuka, likaanza kwenda juu. Kutoka baharini, kuelekea bara. Kwanza taratibu, kisha kwa haraka, likapita pantoni, likapita mtumbwi uliokuwa sasa umesimama wima, likaendelea kwenye kona ya minazi.

"Huu mto," mjomba akaniuliza bila kugeuka, "unatoka wapi?"

Hapo nilikuwa na jibu la uhakika. Nikamweleza kwamba maji yake yanatoka Kilimanjaro, yanapita bondeni chini ya milima yetu, halafu Korogwe, halafu hapa. Na vijito vyetu vya Upare wakati wa mvua humwagika humohumo.

"Kwa hiyo yangu yamo."

"Yamo, mjomba."

"Na sasa yanarudi nyumbani."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kueleza kwamba bahari inausukuma mto kwa umbali mfupi tu, kwamba maji hayafiki hata Korogwe, sembuse Chome, na kwamba baadaye yatageuka tena. Nilikuwa nimeshainua kidole. Nyuma ya bega la mjomba nikamwona Nakundwa, macho mekundu, ananitikisia kichwa kwa nguvu.

Nikashusha kidole. "Ndiyo, mjomba," nikasema.

Ndugu yangu, katika safari nzima, na treni na makande nikiyahesabu, hakuna kazi iliyonishinda kama hiyo.

Mjomba akasimama, akavua koti kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akaenda mbele ya Bi Tatu. "Naondoa shtaka. Mshtakiwa amerudi mwenyewe, hakuna aliyemburuta."

"Na muda wa baraza uliopotea?" Bi Tatu akauliza. "Unahukumiwa kumla yule pweza uliyemwacha mchana."

Akamla. Alisema ana ladha ya mtu mwenye msimamo. Kisha akamwita Stefano akae karibu.

"Kijana, leteni washenga Chome baada ya mavuno. Ila sikiliza sharti langu. Mto wenu unapanda kila siku. Mke wako apande kila Krismasi. Asipopanda, namjua balozi wenu."

"Nitamleta mwenyewe, baba," Stefano akasema, na Nakundwa akaficha uso kwenye kanga ya mama mkwe wake.

Kurudi

Tulirudi kwa basi la asubuhi, na Tanga mjomba akageuka kuitazama bahari, akaikuta ya kawaida. Ndani ya treni alimsimulia kila abiria. Same alimsimulia karani wa stesheni. Sasa anawasimulieni ninyi, nanyi mnakuja kwangu kuuliza kama mto unaweza kupanda.

Unapanda. Nendeni mkaone. Laleni Tanga, mpande basi la asubuhi la Pangani, na mkishuka muulizeni mwenyeji maji yatageuka saa ngapi kabla hamjapanga kurudi. Kisha nendeni gatini, mdondoshe jani la mkungu karibu na pantoni, na yule mliyemleta akiwauliza linakwenda wapi, mwacheni aangalie mwenyewe.